Jumamosi Ulikwenda, Jumatatu Je?

 Wadogo zangu, wiki hii mmeniandikia mengi: ya wachumba, ya mikopo, ya mawifi. Yote nayaweka pembeni, maana kuna barua moja imenikaa kooni na nisipoijibu sitapata usingizi.

Ameandika mdogo wangu wa mikoa ya kati, mtumishi wa halmashauri, upande wa uhasibu. Ana kadi ya Msalaba Mwekundu tangu akiwa chuoni na mafunzo ya huduma ya kwanza anayo. Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh, alipanda basi akaenda. Mkuu wake alikuwa amempa siku mbili kwa mdomo. Siku ya tatu simu ikalia, arudi. Alipoomba aongezewe, akaambiwa ajaze fomu ya likizo ya mwaka. "Dada," anauliza, "mwajiri wangu ni serikali, na wale waliofukiwa ni wananchi wa serikali hiyo hiyo. Kwa nini siku za kuwasaidia zikatwe kwenye likizo yangu ya kwenda kumwona mama?"

Hoja yako ina mashiko, mdogo wangu. Hasira yako pia ninaielewa. Lakini nitakujibu kama dada, yaani nitakusifu kidogo na kukusema kidogo.

Kwanza tazama kalenda. Tetemeko la Bukoba la 2016, lile la ukubwa wa 5.9, lilipiga tarehe 10 Septemba, Jumamosi. Ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Viktoria tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili asubuhi. Tope la Hanang lilishuka tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili. Jengo la Kariakoo liliporomoka tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi. Sisemi kwamba maafa yanachagua siku, hapana. Nasema hivi: mara zote hizo, siku ya kwanza mtumishi hakuhitaji ruhusa ya mtu. Aliyekuwa na moyo na nauli alikwenda, na mwenye mtumbwi, kama wale wavuvi wa Bukoba waliowahi ndegeni, aliingia majini bila kusubiri kuambiwa. Shida yako ilianza Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, daftari la mahudhurio lilipofunguliwa.

Na Jumatatu ndiyo yenye kazi. Siku ya kwanza watu hujaa mpaka wanakanyagana. Kila mtu anataka kushika jembe, kila kiongozi anataka kamera imwone. Ikifika wiki ya pili, kamera zimeondoka na majirani wamerudi shambani. Hapo ndipo anatakiwa mtu wa kuandikisha familia zilizopoteza nyumba, kuhesabu magodoro na unga ulioletwa kwa malori, kukaa na mtoto asiyejua mama yake yuko wapi, kuhakikisha blanketi moja haliandikwi mara tatu. Unaona? Mhasibu kama wewe ana thamani kubwa zaidi siku ya kumi kuliko siku ya kwanza. Likizo yenye malipo kwa wanaojitolea, pale ilipo, imetengenezwa kwa ajili ya siku hiyo ya kumi.

Sasa kwetu ikoje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Inakupa ya ugonjwa. Inampa mama siku 84 za uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Halafu inakupa siku zisizopungua 4 kwa kufiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu, au mtoto wako akiugua au kufariki. Humo ndani tope lililomfukia mtu usiyemjua halina siku zake. Akifa bibi yako una haki. Akifa bibi wa jirani wa Katesh, una huruma ya mkuu wako tu.

Ndiyo maana watu wetu wanapita njia za panya. Mmoja anatafuta ED, ile karatasi ya kupumzika kwa ugonjwa, kwa daktari rafiki. Mwingine anamuua bibi yake kwa mara ya tatu kwenye karatasi. Mwingine anaondoka tu, akiamini kwamba kwa jambo la kheri atasamehewa. Wadogo zangu, nisikilizeni vizuri: katika utumishi wa umma, kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi. Aliyepeleka faili lako kwenye nidhamu hatakuuliza kama ulikuwa unabeba machela au umekaa baa. Ataangalia kama kuna barua. Na ED ya uongo ni mbaya zaidi, maana siku picha yako ikitokea kwenye taarifa ya habari umebeba mgonjwa, wewe uliyeandikwa kuwa mgonjwa, utajieleza vipi?

Kuna jambo jingine linalochanganywa sana. Daktari wa mkoa, mhandisi, afisa ustawi wa jamii, dereva wa gari la halmashauri: hawa wakati wa maafa wanaweza kupangiwa kwenda na ofisi yao wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya mpaka kijijini, na kamati ikihitaji wataalamu inaweza kuwaomba kwa waajiri wao. Ukipangiwa hivyo upo kazini. Mshahara unaendelea, na stahili za safari zina utaratibu wake. Kule California wamekwenda mbali zaidi: sheria yao inamhesabu kila mtumishi wa umma kuwa mfanyakazi wa maafa, hata karani wa maktaba, na akiitwa anapangiwa kazi yoyote inayohitajika. Kwa hiyo kabla hujalalamikia likizo, uliza kama kamati ya wilaya iliomba watu na kama jina lako lingeweza kupelekwa. Wakati mwingine mlango ulikuwa wazi na wewe ukaenda kuruka ukuta.

Lakini wewe hukupangiwa. Ulikwenda kwa hiari, ukiwa na kadi yako. Kwa mtu kama wewe, nchi nyingine zimefanya nini?

Marekani wanayo hiyo likizo katika majimbo mengi, na kila jimbo lina kipimo chake. Florida inampa mtumishi wa jimbo hadi siku 15 za kazi katika miezi 12. Ohio inafika siku 30 kwa mwaka. Texas ni siku 10 kwa mwaka wa fedha, na ndiyo ninayopenda kuichambua kwa sababu imeandikwa na watu wanaowajua binadamu. Lazima uwe mhudumu wa maafa aliyethibitishwa na Msalaba Mwekundu wa Marekani, au uwe unafunzwa kuwa hivyo. Lazima Msalaba Mwekundu wenyewe wakuombe. Lazima msimamizi wako akubali. Halafu gavana aidhinishe. Na juu ya yote hayo, wanaostahili hawazidi watumishi 350 kwa wakati mmoja, jimbo zima, na orodha yao inatunzwa na ofisi ya maafa. Ukishapita hapo, mshahara haukatwi, likizo yako ya mwaka haiguswi, wala siku zako za ugonjwa.

Umeona hilo la kuombwa? Hapo ndipo ninapotaka kukusema kidogo. Katika barua yako yote, kurasa mbili, hakuna mahali uliposema kwamba tawi lako la Msalaba Mwekundu lilikuita. Uliona kwenye simu, roho ikauma, ukapanda basi. Ni uungwana, sikatai. Lakini mkuu wako alikuwa na nini mkononi cha kumwonyesha mkurugenzi? Hakuwa na barua ya tawi, hakuwa na tarehe ya kurudi, hakujua unakwenda kufanya kazi gani. Alikuwa na neno lako tu, na alilipa neno lako siku mbili. Ukweli ni kwamba amejitahidi.

Wajapani wamelibana hilo kwa namna nyingine. Tetemeko la Kobe la Januari 1995 liliua zaidi ya watu 6,400, na watu wa kujitolea wakamiminika kwa wingi ambao nchi haikuwa imewahi kuuona. Wafanyakazi wengi walijikuta kwenye mtihani wako huu huu. Miaka miwili baadaye, 1997, watumishi wa serikali wakapewa likizo ya kujitolea yenye malipo, siku 5 kwa mwaka. Siku 5 tu, na anayeomba anapeleka mpango: atakuwa wapi, tarehe zipi, atafanya nini. Haisaidii kusema "nakwenda kusaidia". Wanataka kujua unakwenda kusaidia nini.

Italia nayo ina jambo ambalo limenigusa kuliko yote. Kule mtu wa kujitolea aliye kwenye vikundi vilivyosajiliwa vya ulinzi wa raia anaweza kuitwa hadi siku 30 mfululizo, na hadi 90 kwa mwaka. Mwajiri anaendelea kumlipa, kisha serikali inamrudishia mwajiri fedha hizo. Hapo sijafika bado. Hata aliyejiajiri, fundi au mwenye duka, akiitwa anaweza kudai fidia ya kipato alichokosa siku hizo, kwa kiwango kilichowekewa kikomo.

Kwa nini limenigusa? Kwa sababu kila ninaposikia mtumishi wa umma akidai likizo yenye malipo ya kwenda kwenye maafa, namkumbuka mama lishe aliyefunga banda lake akapeleka sufuria za uji kwa waliokuwa wakichimba kifusi. Mshahara wako wa siku hizo utatoka kwenye kodi, na kodi hiyo naye analipa kila anaponunua mafuta ya kula na sabuni. Yeye siku hiyo hakuingiza kitu. Sisemi hivyo ili ujisikie vibaya. Nasema ili ukiipata hiyo likizo, uifanyie kazi kweli. Mtu anayelipwa na umma halafu anashinda akijipiga picha mbele ya kifusi, mimi sina la kumshauri. Huyo amwandikie dada mwingine.

Mkiniuliza mimi, nitasema Tanzania tuwe nayo, na tuanze kwa udogo. Siku 5 za Kijapani zinatosha kwa mwanzo. Orodha ya Texas, yenye majina yanayojulikana na mafunzo yaliyothibitishwa, tuikopi bila aibu. Chombo cha kuita tunacho: Msalaba Mwekundu wa Tanzania upo kwa sheria ya Bunge tangu 1962 na una watu wa kujitolea mikoani, na kamati za maafa zipo. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye kanuni unaomwambia mkurugenzi: mtu huyu akiitwa na chombo hiki, mruhusu, na usimkate. Vyama vya wafanyakazi vinakaa na serikali kila mwaka kuzungumzia mishahara na madaraja. TALGWU na TUGHE wakilibeba hili, halitaitikisa bajeti. Limwage kwenye mkutano wa tawi lako. Usiliache liozee kwenye barua kwangu.

Ila maafa yajayo hayatasubiri kanuni. Kwa hiyo tufanye hivi.

Wiki hii nenda kwenye tawi la Msalaba Mwekundu ukahuishe kadi. Kadi ya chuoni haitoshi, waambie unafanya kazi gani na unajua nini. Ukisema "mimi ni mhasibu, naweza kusimamia stoo ya misaada na orodha za mgao," utakuwa umewapa kitu ambacho hawakipati kirahisi. Vijana wa kubeba wapo wengi. Wa kuhesabu bila kuiba ni wachache, na msinichukie kwa kusema hivyo.

Kisha nenda kwa mkuu wako sasa, wakati hakuna tope wala moto. Mwambie wewe uko kwenye orodha ya tawi, na kwamba ikitokea ukaitwa ungependa mkubaliane mapema. Mkuu wa idara anayeombwa ruhusa Jumatatu asubuhi huku hesabu za kufunga mwezi zikimngoja atasema hapana hata kama ana moyo wa dhahabu. Aliyeandaliwa miezi mitatu kabla anaweza kusema ndiyo, na akaona ni wazo lake.

Mtaje na atakayekukaimu. Hapa ndipo wengi mnapowakosea wenzenu. Ukiondoka siku tano, malipo ya walimu waliohama hayajiandiki yenyewe. Kuna dada mmoja wa dawati la pili atakayekaa mpaka saa moja usiku kwa sababu yako, na hakuna atakayempigia makofi wala kumpa cheti. Mwombe yeye kabla ya kumwomba bosi. Ukirudi, mshike mkono kwanza yeye, na likizo yake ikifika ubebe kazi yake bila kunung'unika.

Na kuhusu likizo ya mwaka, nisikudanganye: mpaka kanuni ibadilike, ndiyo njia iliyo salama. Omba sehemu tu ya zile siku 28, uziingize kwenye mfumo wa ESS kama likizo nyingine yoyote, usubiri kibali kitoke ndipo uondoke. Mama utakwenda kumwona kwa siku zilizobaki. Najua haikufurahishi. Lakini kuna tofauti kati ya kutoa siku zako ukijua umezitoa, na kuziiba kisha ukaishi kwa hofu ya barua ya kujieleza. Walimu nao wakumbuke kwamba shule zikifunga wana nafasi ambayo mtu wa masijala hana, na maafa ya Desemba huwakuta wakiwa huru.

Ukiwa huko, fedha nazo zina adabu yake. Tawi likikupa nauli na chakula, pokea. Lakini kama mshahara wako unaendelea, usijiingize kwenye ugomvi wa posho na vijana wasio na ajira waliokuja na ndala miguuni.

Ukirudi, usirudi Jumapili usiku ukaingia ofisini Jumatatu asubuhi. Umeona maiti, umesikia watu wakiita majina ambayo hayaitiki. Bakiza siku moja ya kulala, na uzungumze na mtu. Kama usingizi unakataa wiki mbili, nenda hospitali ukaonane na mshauri, wala usisubiri uanze kuwafokea watoto.

Kwa wa Zanzibar, ninyi mna sheria yenu ya utumishi wa umma ya 2011, kwa hiyo mkamwone afisa utumishi wenu kabla hamjafuata ya kwangu. Na ndugu zangu wa Kenya walioniandikia baada ya mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 2024, ninyi sheria yenu ya ajira ya 2007 inaanzia likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Ulizeni ofisini kama mkataba au mwongozo wenu unaongeza, maana wengi mna zaidi ya hizo na hamjui.

Nimebakiwa na nafasi ndogo, na kuna shemeji yangu mmoja ameniuliza swali linalofanana na hili kwa upande wa pili. Mumewe ni muuguzi, kila likitokea jambo anafunga begi. Safari ya mwisho alimwacha na mtoto wa miezi minne na mtungi wa gesi umekwisha. Anauliza kama ni dhambi kumzuia.

Si dhambi, shemeji. Mwambie aangalie kama orodha ya Msalaba Mwekundu ina nafasi ya kuandika miezi ambayo mtu hapatikani, na kama haina, aliambie tawi kwa mdomo. Mwaka huu awe wa akiba. Mtoto akishatembea, aende, lakini kabla ya kufunga begi anunue gesi, aache hela ya wiki mbili, na ampigie dada yake aje alale na wewe. Akikataa hayo matatu, niandikie tena, na safari hii uweke na namba yake.